Ngozi Mpya ya Ndege ya Baba

Juzi mume wangu alimleta fundi apake vanishi mlango wa sebuleni. Nikafungua kopo la thina kumsaidia, na kabla sijajua nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kifuniko mkononi, nalia. Fundi alidhani harufu imenipanda kichwani. Nikamwambia ndiyo, imepanda, na aiache ipande. Sikumweleza kwamba nalia kwa hasira, tena hasira ya zamani. Sisi tuliokua wakati ule tulifunzwa kuogopa kabla hatujafunzwa kusoma, na wako watu ambao mpaka leo sijawasamehe kwa somo hilo.

Harufu ile ni ya chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Yamumbi, nje ya Eldoret, ambako baba aliweka ndege yake juu ya kabati. Ilikuwa ndege ndogo ya kuendeshwa kwa rimoti. Bawa lake, ukilipima toka ncha hadi ncha, lilinishinda hata nikinyoosha mikono yote miwili, lakini ndege nzima ungeiinua kwa vidole. Baba alifanya kazi kwenye kiwanja kidogo cha ndege za kunyunyizia ngano dawa, huko kwenye mashamba makubwa. Zile ndege kubwa zilikuwa na mifupa ya chuma iliyovikwa kitambaa, na kitambaa hicho ndicho kilichokuwa kazi ya baba. Akiona tundu, anakata kiraka, anakibandika, anakipaka dawa ya kukikaza mpaka ukikigonga kinalia. Alikiita ngozi. Rubani mmoja Mzungu, aliyekuwa akichezea ile ndege ndogo siku za Jumapili, alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia baba ndege hiyo pamoja na sanduku la rimoti na kopo la mafuta.

Tangu naijua, ndege ilikuwa imezeeka. Hariri iliyoivika ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya mkandaa na kukauka kama ganda la kitunguu, ukiigusa inavunjika. Baba kila mara alisema ataibadilisha ngozi akipata nafasi. Nafasi haikupatikana, maana ngano haingoji mtu, nami nilikatazwa hata kupanda kiti karibu na kabati lile.

Ndipo ukaja ule mwaka wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali. Ndege zote zikawa jambo la kutiliwa shaka, hata za kunyunyizia magugu. Kiwanja kikafungwa, na wafanyakazi wake wakaitwa mmoja mmoja. Wanaume wawili walimjia baba asubuhi akinywa chai. Walikuwa wapole. Walimwambia mama kwamba kufikia saa sita mchana atakuwa amerudi. Saa sita ilikuja na kupita mara ishirini na moja.

Kwenye bomba la maji nilisikia wanawake wakinong'ona kwamba amechukuliwa kwa mambo ya ndege. Nilikuwa na miaka tisa na akili yangu ilifanya hesabu yake. Ndege ya baba niliyoijua ilikuwa moja tu, na ilikuwa imeraruka. Shuleni ukija na sare iliyoraruka unasimamishwa mbele ya gwaride, unachapwa, unarudishwa nyumbani kuishona. Basi baba amesimamishwa mahali fulani kwa sababu ya ile ndege kuukuu, na hakuna wa kumshonea isipokuwa mimi. Sikuona shaka yoyote katika hoja hiyo. Hata leo nikiitazama naiona ina akili kuliko ile ya waliomchukua.

Nikaiba unga wa ngano, nikapika gundi kwenye mkebe, nikakusanya magazeti. Siku mbili nilitoka shule mbio, nikajifungia chumba cha nyuma na kubandika karatasi juu ya ile hariri iliyochakaa. Mama alinifuma siku ya pili. Nilijiandaa kupigwa. Mama hakunipiga. Aliinama juu ya bawa akakagua kila ukurasa niliobandika, kwa kidole, polepole. Alipofika kwenye picha ya mkubwa wa nchi, akaing'oa ikiwa bado mbichi.

"Hii hapana," alisema. "Hii ikiraruka ama ikichomeka kwa nyumba yetu, tunaenda sisi wote. Weka ile ya matangazo ya trekta."

Kisha akaniacha niendelee. Nadhani alihitaji kumwona mtu mmoja katika nyumba ile akifanya kitu.

Panya walikuja. Asubuhi ya tatu bawa lilikuwa mbavu tupu, magazeti yameliwa, na hariri ya zamani imeliwa pamoja nayo kwa sababu ya gundi yangu. Nililia mpaka nikatapika. Niliamini nimemuua baba yangu.

Alirudi wiki iliyofuata, amekonda, viatu havina kamba. Hakuna jirani aliyekuja kumsalimu isipokuwa Mzee Kamau, fundi wa viti wa nyumba ya pili, ambaye alipitia nyuma. Baba hakusema alikuwa wapi wala aliulizwa nini. Alikaa siku tatu akitazama ukuta. Siku ya nne nilishindwa kuvumilia, nikamwongoza hadi chumba cha nyuma nikamwonyesha nilichofanya. Akayaangalia yale mabaki, akagusa alama za meno ya panya kwenye ubavu mmoja, akaanza kucheka. Alicheka akishika mlango.

"Unga?" akasema. "Mwanangu, uliwapikia panya."

Kesho yake aliishusha ndege yote juu ya meza. Kazini hawakumtaka tena, kwa hiyo nafasi aliyoingoja miaka yote ilikuwa imepatikana. Alinipa wembe nikakwangua mabaki ya hariri kwenye kila ubavu, naye akafuata nyuma na msasa. Penye alama hizo aliunga kipande cha mti mwepesi. Alinifunza kupitisha kidole macho yakiwa yamefumbwa, kwa sababu kidole kinaona kinundu ambacho jicho haliwezi kuona. Dawa ya kukaza kitambaa ilibaki kule kiwanjani, nyuma ya kufuli, lakini baba alijua laka ya kupakia viti ni binamu wa dawa hiyo. Akamwendea Mzee Kamau. Mzee akampa mkebe wa laka na chupa ya thina, akatazama huku na huku.

"Chukua," akasema. "Lakini mimi sijakupatia. Hata hatujaonana."

Kilichokosekana ni kitambaa. Kilihitajika chepesi, kilichofumwa karibu karibu, hariri au nailoni laini. Tulijaribu bitana ya koti kuukuu ikawa nzito. Ndege ikakaa mifupa mitupu wiki nzima, na ndivyo ilivyokuwa siku naibu wa chifu alipokuja, pamoja na Sospeter, kijana wa mtaani kwetu aliyekuwa amefanywa yuthwinga, askari wa chama tawala mtaani, na kupewa shati la chama na filimbi.

Naibu wa chifu hakuketi alipokaribishwa. Alizunguka meza.

"Kwa hivyo ni kweli. Mtu ametoka kuulizwa juu ya ndege, akifika nyumbani anatengeneza ndege. Wewe unatuona aje?"

"Ni ya kuchezea, mkubwa," baba akasema.

"Na hii redio? Iko na eria namna hii, unaongea na nani?"

"Haiongei. Inageuza usukani tu."

Sospeter alivuta ule waya mrefu wa rimoti hadi mwisho, akauweka sikioni, akasikiliza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilijua ni ujinga, lakini sikuthubutu kucheka.

"Ijumaa kuna baraza pale kiwanja cha shule," naibu akasema. "Utaileta mwenyewe, na utaichoma mwenyewe mbele ya watu, useme umeachana na hiyo mambo. Ukifanya hivyo, mimi nafunga faili. Usipofanya, hao watu watakuja tena, na sitasema kitu."

"Nimeachana na mambo gani, mkubwa?"

"Wewe unajua."

Walipotoka, hata lango halijafungwa, baba akamwambia mama, "Sichomi." Alisema kwa sauti ya kawaida. Nilimwelewa vizuri. Hakuwa amefanya kosa lolote, na kuichoma kungekuwa kukiri mbele ya Yamumbi yote. Wangemfungia faili, ndiyo, lakini angetembea na kosa ambalo si lake maisha yake yote, na sisi nyuma yake. Kuikataa kungemrudisha kule alikopoteza kamba za viatu. Mama alikuwa akikunja nguo, akaendelea kukunja.

Kimya hicho nilikisoma vibaya. Mama alikuwa katika kikundi cha akina mama waliocheza ngoma wakubwa wakija, na kila mmoja alikuwa amepewa kitambaa kikubwa cha kujitanda mabegani, laini, chenye rangi za chama, na nembo katikati, pana kama sahani ya ugali. Alikihifadhi kwenye sanduku pamoja na sabuni ya kunukia. Nilidhani anakipenda. Nilidhani yeye ni mmoja wao. Kwa hiyo Jumatano nilipotoka shule na kumkuta ameinamia bawa la ndege na mkasi wa cherehani mkononi, niliona anaiharibu, sikuuliza. Nilimrukia nikamuuma mkono.

Alinishika sikio, akanigeuza. "Wewe mtoto wa kichaa, angalia kwanza halafu ndio uume."

Nikaangalia. Kitambaa cha chama kilikuwa kimelazwa juu ya mbavu za bawa, kimelowa maji, na mama alikuwa akikivuta kwa mshazari jinsi anavyovuta kola. Alikuwa fundi cherehani, alishona sare za shule, na alijua jambo ambalo baba na ndege zake zote hakulijua vizuri: kitambaa ukikikata sambamba na nyuzi kitajikunja kwenye kona, ukikikata mshazari kitazunguka popote utakapo. Kwenye ncha za bawa halikubaki hata kunjo moja. Baba alisimama pembeni akimpa pini. Nembo waliiweka upande wa chini wa bawa, ambako huioni mpaka ndege igeuzwe.

"Na wakikuuliza kitambaa chako?" baba akamuuliza.

"Waniulize."

Kilipokauka baba alipaka laka iliyochanganywa na thina, tabaka moja, kisha la pili, kisha la tatu. Madirisha yalikuwa wazi na bado vichwa vilituuma. Kitambaa kilijikaza chenyewe mbele ya macho yangu, mikunjo midogo ikitoroka kuelekea kingoni, na alipokigonga kwa ukucha kililia. Mkono wa mama ulikuwa na alama za meno yangu. Nilimwomba msamaha na akaniambia nikachote maji.

Ijumaa baba aliibeba ndege mwenyewe hadi barazani, akaiweka chini mbele ya meza ya naibu wa chifu. Akina mama walikuwa wameketi upande mmoja, wote wamejitanda vitambaa, mabega ya mama yangu peke yake yakiwa wazi. Naibu alisoma karatasi yake kuhusu amani na uaminifu, kisha akamsukumia baba kibiriti.

"Sema, halafu uchome."

"Mimi sina la kusema," baba akajibu. "Na siwezi kuchoma kazi yangu. Kama ni lazima ichomwe, choma wewe."

Naibu akampa Sospeter kibiriti. Sospeter akapiga magoti, akawasha njiti, upepo ukaizima, akawasha nyingine. Ndipo mama akasimama katikati ya wenzake.

"Sospeter, mtoto wangu," akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwapima watoto sare. "Igeuze kwanza. Usichome kitu hujaiangalia."

Sospeter aliigeuza. Nembo ya chama ilikuwa pale, imekazwa, inang'aa kwa laka, nzima kabisa, na njiti ilikuwa inawaka karibu yake. Sijawahi kuona mtu akizima moto kwa haraka vile. Aliizima kwa vidole vyake. Nyuma yangu mtu alianza kucheka akageuza kuwa kikohozi, na kikohozi kile kikaambukiza safu nzima. Naibu wa chifu aliitazama nembo, akatazama karatasi yake, ambayo haikuwa na la kumsaidia.

"Baraza iendelee," akasema.

Baba akainua ndege yake tukaondoka, sisi watatu, mbele ya watu wote. Nilitembea nimetoa kifua. Nilitaka kurudi kuwaambia wote kwamba huyu ni mama yangu, na yeye ndiye niliyemuuma.

Tulipofika nyumbani baba aliilaza ndege mezani, akachukua wembe na kuanza kuichana ile ngozi mpya.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Naitoa."

Nilidhani kichwa chake kimeharibiwa kule alikokuwa. Mama alikuwa amehatarisha kila kitu, na yeye anachana.

"Umeiokoa," baba akamwambia, bila kuacha. "Hiyo sitasahau mpaka nife. Lakini nikiirusha hivi watasema ni yao. Watasema Baba Nasimiyu amerudi kundini. Na mimi sikuwahi kutoka mahali ndio nirudi."

"Watakuja tena, na hakutakuwa na kitu cha kuwazuia."

"Najua."

Mama akaenda jikoni. Tulisikia sufuria zikigongwa kwa muda mrefu. Nilimchukia baba saa ile, naandika hivyo wazi. Nilimwona ni mtu asiye na shukrani, na ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba ngozi ile ilimwokoa kwa kumpa jina lisilo lake, la mtu wa chama, kama vile kibiriti kile kingempa jina la mkosaji. Kisha mama akatoka amebeba petikoti yake nyeupe ya nailoni, ile ya kwendea kanisani.

"Kama ni kutoa, basi tutoe vizuri," akasema. "Songa. Wewe hujui kupinda kona."

Vipande vya kitambaa cha chama, vyenye laka matabaka matatu, alivitia mekoni chini ya sufuria ya maharagwe. Viliwaka haraka na kwa kelele. Yale maharagwe tuliyala.

Wacha niseme sasa tulicholipa, nisije nikadanganya mtu kwamba ushujaa ni wa bure. Mama alifukuzwa kikundini. Sare za shule zilipewa fundi mwingine. Baba hakuandikwa kazi mahali popote palipohitaji barua ya chifu, na wakati ule karibu kila mahali palihitaji. Aliitwa kuhojiwa mara mbili zaidi. Tuliishi kwa kilimo cha shamba la kukodi, na mimi nilichelewa kuingia sekondari. Nimewauliza wote wawili, kwa nyakati tofauti, kama walijuta. Mama alinijibu kwamba alijuta kukata petikoti. Baba aliniuliza kama nimekunywa chai.

Yote hayo yalikuja baadaye. Jumapili ile, baada ya ibada, tuliibeba ndege hadi kiwanja kile kile cha shule, mchana kweupe, watu wakitoka makanisani. Baba alitia betri mpya kwenye rimoti na mafuta yaliyobaki kwenye kopo la Mzungu. Watoto walijaa. Watu wazima walisimama mbali kidogo, kila mmoja akijifanya anapita tu. Naibu wa chifu alikuja na baiskeli, Sospeter nyuma yake kwa miguu, wakasimama penye milingoti ya goli.

Baba alizungusha feni ya mbele kwa kidole, injini ikakohoa mara nne na mara ya tano ikashika. Akanipa mimi ndege niishike juu ya kichwa. Ilitetemeka mikononi mwangu yote, na nilisikia harufu ya laka ikichanganyika na moshi. Akaniambia nikimbie dhidi ya upepo na nisiisukume, niiachilie tu. Nikakimbia, na nikaiachilia.

Ilizama kidogo, moyo wangu nao, kisha ikapanda. Ilipanda juu ya madarasa, juu ya miti ya mikaratusi, ikageuka kuelekea tulipokuwa. Ilipokuja juu ya magoli, naibu wa chifu aliinua kichwa, Sospeter akainua, Mzee Kamau akainua, watu wote wa Yamumbi wakainua vichwa wakaangalia chini ya bawa. Nilijua wanatafuta nini. Kitambaa kilikuwa cheupe, jua linapita ndani yake, mbavu zote zinahesabika, na hapakuwa na kitu kingine chochote. Naibu alikuwa ameshika kofia yake, bado anatazama. Baba hakumwangalia hata mara moja. Aliigeuza ndege polepole, akaishusha, akaipitisha juu yao tena.